AC ya nyumbani Kisumu: inveta ama ya kawaida, brandi gani, na kwa bajeti gani

Kama uko Nakuru unaweza kuacha kusoma hapa hapa. Si dharau, ni vile Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na usiku mnalala na blanketi, hata lile joto la mchana la Januari na Februari ukifungua madirisha mawili limeisha. Eldoret na Kericho hata sitaji. Haya ni maneno yetu sisi wa huku chini, Kisumu, Ahero, Homa Bay, Mbita mpaka Busia, mahali jua la saa nane linapiga digrii 30 na ushee, halafu usiku nje kunapoa vizuri tu lakini ndani ya nyumba ukuta bado unatoa moto kwa sababu ulichomwa siku nzima, na dirisha nalo huwezi kufungua, mbu wamejipanga hapo nje wanangoja.

Swali watu huuliza kwanza ni "brandi gani poa?" na hilo mimi huliweka la tatu. La kwanza ni utawasha masaa mangapi kwa siku, hapo ndipo utajua kama ni inveta, ile inayopunguza spidi badala ya kuzima, ama ni ya kawaida ya kuwaka na kuzima. La pili ni nani atakuja kuitengeneza ikikataa, na je yuko hapa Kisumu ama atatoka Nairobi. Ukishajibu hayo mawili brandi karibu inajichagua yenyewe, na wengine wenu mtagundua kwamba kitu mnachohitaji si AC, ni silingi.

Na hiyo ya silingi si mzaha. Kuna nyumba nyingi tu, Manyatta, Nyalenda, hata zingine mpya za kule Mamboleo, juu ni mabati na hakuna kitu katikati yake na kichwa chako. Ukiweka AC humo ni kupoesha mabati, mashine itakimbia kutoka saa tano mpaka saa kumi na mbili bila kupumzika na bado utalalamika. Piga silingi kwanza, weka pazia nzito kwa dirisha la magharibi, halafu kaa wiki moja uone kama bado unataka AC. Ukiwa bado unataka, sasa tuongee.

Vitu vya bei ya chini kwanza, tuvimalize haraka. Feni nzuri ya kusimama ama ya silingi inakula wati 50 mpaka 75, yaani ukiwasha usiku mzima haifiki hata yuniti moja ya stima. Haipoeshi hewa, inakupoesha wewe tu kwa kukausha jasho, lakini kwa usiku mwingi wa Kisumu hiyo inatosha, na hata ukinunua AC usiitupe, nitarudi kwayo.

Kuna ile feni ya maji, ile kubwa yenye tangi unaweka maji na barafu, huwa inauzwa ati "AC isiyo na mafundi". Hapa nakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaipenda bei yake. Inafanya kazi kwa kuvukiza maji, na maji yakigeuka mvuke yanachukua joto, hiyo ni kweli kabisa. Shida ni kwamba ule mvuke unabaki ndani ya chumba. Mchana wa kiangazi, hewa ikiwa kavu kidogo na dirisha likiwa wazi, utahisi tofauti. Usiku unyevu wa ziwa ukipanda na wewe umefunga dirisha kwa sababu ya mbu, kwisha, chumba kinakuwa kizito, shuka zinakuwa kama zimeanuliwa kabla hazijakauka, na jasho lako haliendi popote kwa sababu hewa imeshiba maji. Lodwar ingekuwa hadithi nyingine, kule kukavu. Kando ya ziwa mimi singenunua.

Ya tatu ni AC ya magurudumu yenye bomba nene la kutoa hewa moto kupitia dirishani. Hii ni AC ya kweli, ina kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoesha, na gesi yenyewe, na mpangaji ambaye mwenye nyumba amekataa ukuta kutobolewa anaweza kuifikiria. Lakini ile ya bomba moja inafanya kitu cha ajabu, inachukua hewa ya chumba iliyokwisha kupoa, inaipitisha kwa sehemu yake ya moto, inaitupa nje, na hewa hiyo iliyotoka lazima irudishwe na nyingine, kwa hivyo chumba kinavuta joto la nje kupitia chini ya mlango na kila upenyo. Halafu kompresa iko nawe chumbani, unalala na kelele yake. Kwa pesa hiyo hiyo unakaribia kupata spliti ndogo, ile ya vipande viwili, kimoja ndani ukutani na kingine nje, kwa hivyo kama ruhusa ya kutoboa iko, usifikirie mara mbili.

Sasa spliti yenyewe.

Nguvu yake inapimwa kwa BTU, na madukani saizi utakazopata ni 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Wauzaji wengine husema hosipawa, moja ni ile 9,000, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000. Chumba cha kulala cha futi 12 kwa 12 chenye silingi kinatoshwa na 9,000, na kama kiko upande wa jua la jioni ama ni ghorofa ya mwisho chini ya slabu, chukua 12,000. Sebule ya kama futi 14 kwa 18 iliyounganishwa na jikoni inataka 18,000. Usikubali kuuziwa 18,000 ya chumba cha kulala ati "itapoesha haraka". Ni kweli itapoesha haraka, hapo ndipo shida iko, kwa sababu AC ina kazi mbili, kushusha joto na kukamua unyevu, na mashine kubwa ya spidi moja ikishusha joto kwa dakika chache inazima kabla haijakamua unyevu, unabaki kwa chumba baridi chenye majimaji. Kwa mji wa ziwa hiyo ni mbaya kuliko joto.

Ukiwa dukani usiangalie ile stika kubwa ya mbele pekee. Zunguka ubavuni mwa mashine kuna kibandiko kidogo cha maandishi, piga picha na simu uikuze. Utaona nguvu ya kupoesha kwa wati, tuseme 3,500, na chini yake wati inazokula, tuseme 1,090. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 3.2. Namba hiyo ikipanda ndio vizuri, unapata baridi nyingi kwa stima kidogo, na mashine mbili za BTU sawa zilizokaa rafu moja zinaweza kupishana sana hapo bila mtu kukuambia. Kenya pia tuna stika ya nyota ya EPRA, ile mamlaka ya kawi na petroli, sheria yake ni ya 2016, nyota moja mpaka tano, na AC ni kati ya vitu ambavyo lazima viwe nayo. Kama duka linauza AC haina hiyo stika, uliza kwa nini, na jibu likikuja na maneno mengi toka.

Kwenye kibandiko hicho hicho utaona pia T1 ama T3. T3 imetengenezwa kwa nchi za joto kali sana, kama kule Dubai, inapimwa nje kukiwa digrii 46. T1 inapimwa kwa digrii 35. Kisumu kufika 35 ni siku ya kuhesabika, kwa hivyo muuzaji akikuongezea elfu kadhaa kwa sababu "hii ni tropiko" mwambie asante, T1 inatosha.

Na gesi. R22 usiguse, inaharibu tabaka la ozoni na dunia inaiondoa sokoni chini ya mkataba wa Montreal wa 1987, kesho kutwa kuijaza itakuwa kutafuta kitu adimu. Hizo AC za mitumba kutoka nje nyingi ndio hizo. Zilizobaki ni R410A na R32. Mimi ningechukua R32, inahitaji gesi kidogo kwa kazi ile ile, na madhara yake kwa hali ya hewa ni kama theluthi ya R410A. Kitu kimoja tu, R32 inaweza kushika moto kiasi, kwa hivyo fundi asiende kuchomelea paipu gesi ikiwa ndani.

Twende kwa hesabu ya masaa, kwa sababu hapa ndipo inveta na ile ya kawaida zinaachana. Chukua 12,000 BTU. Ile ya kawaida, ya kompresa ya spidi moja, inakula karibu wati 1,100 ikiwa inazunguka, chumba kikipoa inazima kabisa, kikipata joto inawaka tena, kwa hivyo tukadirie kwa usiku inazunguka kama asilimia 60 ya wakati. Masaa sita ni kama yuniti 4. Inveta inaanza kwa nguvu, halafu ikifika digrii ulizoseti haizimi, inapunguza spidi tu, inaweza kushuka mpaka wati 300 na kitu, na kwa vile usiku wetu nje kunashuka mpaka 18 ama 19 kazi yake inakuwa nyepesi kabisa. Masaa sita weka yuniti 2 na nusu. Tukichukua yuniti moja ni shilingi 30 ukijumlisha makato yote, ile ya kawaida ni 120 kwa usiku, inveta ni 75. Tofauti ni 45, kwa mwezi 1,350, kwa mwaka ni kama elfu 16. Dukani inveta inaweza kuzidi ya kawaida kwa elfu 15 ama 20 hivi, kwa hivyo anayelala na AC kila siku anarudisha pesa yake kwa kama mwaka mmoja na kidogo, kutoka hapo anakula faida.

Sasa mchukue yule ambaye anataka tu kuwasha masaa mawili jioni, Januari mpaka Machi, wageni wakija ama mtoto akifanya homuweki. Kwa masaa mawili inveta bado iko kwa ile mbio ya kwanza ya kushusha joto, haijapata nafasi ya kutulia, kwa hivyo inaokoa kidogo sana, weka shilingi 10 kwa siku. Miezi mitatu ni 900. Elfu 15 ya ziada itarudi lini? Mashine itakuwa imezeeka. Huyo anunue ya kawaida ya bei nafuu na asikubali kuonewa na mtu yeyote ati amenunua kitu cha zamani.

Ongeza na hii ya tokeni. Ukipita wastani wa yuniti 100 kwa mwezi unahamishwa bendi, na bei ya kila yuniti inapanda, pamoja na ya friji, ya taa na ya pasi. Yuniti 4 kila usiku peke yake ni 120 kwa mwezi, ushapita. Inveta ni 75, na familia ndogo inayopika kwa gesi inaweza bado kubaki chini ama kugusa tu mstari. Hiyo hesabu muuzaji hatakufanyia.

Kuna wenye sola pia, huku wamekuwa wengi. Kompresa ya kawaida ikiwaka inavuta mkupuo mkubwa mara kadhaa ya ule wa kukimbia, na mkupuo huo ndio unaangusha mfumo mdogo wa sola ama jenereta. Inveta inapandisha spidi polepole bila mkupuo huo, hata kama baadaye itakimbia kwa nguvu. Kwa mwenye sola hakuna mjadala, ni inveta.

Haya, brandi. Nitazipanga kwa mfuko, na bei nasema kwa makadirio kwa sababu zinacheza na dola na msimu, Januari joto likipanda nazo zinapanda, ukiweza nunua Juni.

Ukiwa na kama elfu 50 mpaka 60 ya mashine, uko kwa Von, Ramtons, Mika na wenzao, na Hisense ama TCL za kawaida wakati wa ofa. Von, Ramtons na Mika ni majina ya kampuni za hapa Kenya, mashine zenyewe zinatengenezwa viwandani nje. Watu huzidharau, mimi sizidharau. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba ndani ya AC nyingi, za majina tofauti tofauti, kompresa ni ya GMCC, na GMCC ni ya Midea, wale Wachina wakubwa wa Guangdong. Gree naye ana kompresa zake. Kwa hivyo unaweza kulipa tofauti ya elfu 10 kwa majina mawili ambayo roho yao imetoka kiwanda kimoja. Tofauti inakuja kwa bodi, ile sakiti inayoendesha mashine, unene wa paipu za kopa, kelele, na zaidi ya yote nani ana spea. Kwa brandi ya Kenya yenye duka mjini na fundi wake anayejulikana, hilo la spea mara nyingi linatatulika haraka kuliko la jina kubwa lenye ofisi moja Nairobi. Kwa yule wa masaa mawili jioni, hapa ndipo pake, saizi 9,000 ama 12,000 ya kawaida, akalale.

Elfu 60 mpaka 85 ndio kiti cha katikati, na kama ungeniuliza barabarani bila kunipa nafasi ya kuuliza chochote ningekwambia kaa hapa. Hisense inveta, TCL inveta, Haier, Midea, Gree kama utaipata na duka linaloisimamia, na inveta za hizo brandi za kwetu. Hisense na Haier wote ni wa Qingdao, na mashine za katikati za hawa watu siku hizi zinafanya ile kazi ambayo miaka kumi iliyopita ulilazimika kwenda kwa Wakorea kuipata. Tofauti kati yao ni ndogo, acha namba ya wati kwenye kibandiko iamue, halafu waranti, halafu kama rimoti ina maandishi unayoona gizani, ndio, nacheka lakini utaniambia.

Kuanzia 85 mpaka laki na zaidi uko kwa LG na Samsung. LG anajulikana kwa ile kompresa yake ya inveta yenye rota mbili, Dual Inverter, na waranti ya miaka 10 ya kompresa, na fini za nje, vile vibati vyembamba vya kutoa joto, zimepakwa rangi ya dhahabu kuzuia kutu. Samsung ana WindFree, ambayo chumba kikishapoa kile kifuniko kinajifunga na hewa inatoka kwa matundu madogo maelfu badala ya kukupiga usoni. Kwa mtoto mchanga ama mzee ambaye upepo unamletea kifua kubana, hiyo WindFree ni kitu naweza kukubali kulipia. Kwa mtu mzima anayelala kama gogo, ni anasa. Zote mbili zimetulia sana kwa kelele, hilo lazima useme ukweli.

Lakini soma hiyo miaka 10 polepole. Ni ya kompresa. Bodi huwa na muda mfupi zaidi, mara nyingi mwaka ama miwili, na huku kwetu kitu kinachokufa si kompresa, ni bodi. Bonde hili la ziwa ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, mvua ya jioni ikikuja na ngurumo stima inapotea, inarudi, inapotea tena kwa dakika tano, na kila kurudi ni pigo. Mijusi pia, wanapenda joto la kipande cha nje, mjusi mmoja akikanyaga mahali pabaya kwa bodi mmeenda wote. Bodi ya inveta ni pesa ya kukalisha mtu chini. Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji wa mashine ya laki si "waranti miaka mingapi", ni "bodi ni miaka mingapi, iko Kisumu ama inaagizwa, na nikiwapigia leo fundi anafika lini". Kutoka Nairobi ni kama kilomita 350, na katikati ya Februari unaweza kukaa wiki mbili ukisubiri. Jibu likiwa la kuzunguka zunguka, rudi kiti cha katikati na pesa iliyobaki uweke kwa kinga.

Daikin na Mitsubishi nazitaja tu. Ni mashine nzuri sana, Daikin ndiye aliyeanza kuuza AC za nyumba za R32, ilikuwa 2012, lakini huku utaziona zaidi hotelini na kwa ofisi, zenye mkataba wa matengenezo. Kwa chumba kimoja cha kulala Migosi sioni sababu.

Kinga yenyewe ni ile volteji gadi ya AC, ya ampia 20 ama 30, sio ile ya friji. Stima ikirudi inasubiri dakika chache kabla ya kuruhusu mashine kuwaka, volteji ikipanda ama kushuka sana inakata. Usinunue AC kama hujaiweka kwenye bajeti. Na laini ya stima iwe ya peke yake kutoka kwa breka, kebo ya 2.5 kwa hizi ndogo, 4 kwa 18,000 kwenda juu. AC kwa ekstensheni pamoja na tivi na birika, hapana jameni, hiyo ni kutafuta zima moto.

Sasa fundi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa sababu mashine ya elfu 60 iliyofungwa vizuri itaishi kuliko ya laki moja iliyofungwa na mtu mwenye haraka. Kufunga spliti moja huku ni kama elfu 8 mpaka 15 kulingana na umbali wa paipu na urefu wa ghorofa, na paipu ya kopa inayokuja ndani ya boksi huwa ni mita tatu ama nne, kila mita ya ziada unalipia. Kitu cha kutazama kwa macho yako ni vakyumu. Fundi akishaunganisha paipu mbili, ndani yake kuna hewa na unyevu, na lazima vitolewe kabla gesi haijafunguliwa. Fundi wa kweli anakuja na pampu, anaifunga na geji, anaiwasha dakika 20 hivi, sindano ya geji inashuka chini ya sifuri mpaka mwisho, halafu anafunga koki, anazima pampu, na anangoja. Kungoja huko ndio muhimu. Sindano ikikaa palepale paipu hazivuji. Ikianza kupanda kuna nati haijakaza, afungue arudie. Yule mwingine hana pampu, atalegeza nati kidogo, afungue gesi ipige "shhh" isukume hewa nje, akaze, akwambie "bosi, iko sawa kabisa, sikia baridi". Na kweli siku hiyo itapoesha. Ila gesi imepungua, unyevu umebaki ndani unakula kompresa, na waranti ikija kuulizwa wataona. Muulize kwa simu kabla hajatoka kwake, uko na pampu ya vakyumu? Akianza kueleza badala ya kusema ndio, tafuta mwingine. Duka zingine pia zinakataa waranti kama AC haikufungwa na fundi waliyemwidhinisha, kwa hivyo hilo liandikwe kwa risiti.

Kuna jambo la nyumba zetu ambalo hakuna brandi itakutatulia. Angalia juu ya madirisha yako, kuna yale matundu ya hewa yaliyojengwa ndani ya ukuta, yenye wavu. Yamesaidia sana maisha yetu, lakini AC ikiwaka ni kama mfuko uliotoboka, baridi inatoka na joto linaingia usiku kucha. Pima, kata kipande cha pleksi ama ubao mwembamba, weka cha kufungua na kufunga, si cha kuziba milele kwa simenti, kwa sababu siku AC imezimwa utataka hewa ipite. Kama kuna jiko la makaa ama la gesi ndani ya chumba hicho, usizibe kabisa, hiyo ni hatari ya kifo na sitanii. Chini ya mlango weka ile brashi ya mpira. Kwa chumba kilichozibwa hivyo utashangaa 9,000 ikifanya kazi ya 12,000.

Digrii, weka 25 ama 26 na uwashe feni yako kwa spidi ya chini. Ndio maana nilisema usiitupe. Feni inafanya 26 ihisiwe kama 24, na kompresa inapumzika. Wale wa kuweka 16 ndio ipoe haraka, haipoi haraka hata kidogo, inapoa kwa mwendo ule ule halafu haijui kusimama.

Usafi huku ni mara nyingi kuliko vile kitabu kinasema. Kitabu kinafikiria vumbi la kawaida. Hakifikirii wale wadudu wadogo wa ziwa wanaokuja kama moshi, wanafuata taa, wanajaa kwa fini za kipande cha nje mpaka zinakuwa blanketi, wala vumbi la barabara za murram za Riat. Filta ya ndani ioshe kila wiki mbili kwa maji tu, inatoka kwa kuvuta, haihitaji fundi. Kipande cha nje kisikae karibu na taa ya usalama inayowaka usiku, ni kitu kidogo lakini kinapunguza wadudu nusu. Na kiweke juu na ndani ya chuma cha kufuli, kopa ina soko na kuna watu wanaijua bei yake kuliko wewe.

Kwa mpangaji, mambo mawili zaidi. Ongea na mwenye nyumba kabla ya kulipa dukani, si baada, na mwandikiane hata kwa meseji, tundu ni la saizi gani, nani ataliziba ukihama, na AC inabaki ya nani, maana kuna wenye nyumba siku ya kuhama wanasema kilichofungwa ukutani ni cha ukuta. Halafu siku ya kuhama usiruhusu fundi akate paipu gesi itoke. AC iwashwe ya baridi, afunge koki ya paipu nyembamba kwanza, aache kompresa ivute gesi yote irudi kwa kipande cha nje, geji ikikaribia sifuri afunge koki ya paipu nene na kuzima mara moja. Ni kazi ya dakika chache, gesi yako inasafiri na mashine mpaka nyumba mpya, na ukifika huko unalipa kufungiwa tu, na vakyumu tena.